Saba na Nusu ya Fundi Makame

Nyie wa darasa la tisa ambao majina yenu yamebandikwa ubaoni kwamba likizo ijayo mnakwenda kujitolea maabara ya hospitali, acheni kwanza kuringia makoti meupe ambayo hamjapewa. Makoti yenyewe ni mawili tu, na yote yameshonwa kwa kipimo cha mtu mwenye tumbo. Kaeni kitako niseme nanyi.

Anayesema ni mstaafu. Ndiyo, nina miaka kumi na saba, na wiki iliyopita nilisimamishwa jua kali kwa kuchelewa foleni ya asubuhi ya skuli kama nyinyi. Lakini kazi ile niliianza mwaka sitini na tisa, kila likizo na kila Jumamosi, na nimeiacha juzi. Mtu aliyeiacha kazi na hataki tena kuiona ni mstaafu, awe na mvi au awe na chunusi. Mafao yangu ni kovu moja la tanuri kiganjani, na daftari moja ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Mtalikuta kabatini, rafu ya juu. Nitafika huko.

Kazi yetu ilikuwa ya shingo. Hapa mbele ya koo pana tezi, ile ambayo ikivimba watu husema fulani ana rovu. Tezi hiyo hutengeneza kitu chenye aidini ndani yake na kukitia kwenye damu, na kitu hicho ndicho kinachouambia mwili uende mbio au uende taratibu. Kikizidi, mtu hukonda, hutetemeka, moyo humpiga kama ngoma ya harusi. Kikipungua, mtu huwa kama saa ya ukutani ambayo hakuna aliyeikumbuka kuitia ufunguo.

Kukipima ni hivi. Unaigandisha damu, unaiosha, unaitia tanurini mpaka iwe jivu jeupe. Hayo ni masaa, na hakuna njia ya mkato; niliitafuta kuliko mtu yeyote. Jivu unaliyeyusha, kisha unalitilia maji ya manjano, manjano ya binzari hasa, na papo hapo unabonyeza saa. Aidini hula ule umanjano. Ikiwa nyingi, mrija unakuwa mweupe kabla hujapiga miayo. Ikiwa kidogo, umanjano unakukodolea macho tu. Unasoma muda, unatazama jedwali, unapata namba. Ukutani palikuwa na karatasi aliyokuja nayo Dokta kutoka kwao, nchi ya baridi: mzima ni nne mpaka nane. Chini ya nne mgonjwa, juu ya nane mgonjwa.

Aliyenifundisha yote haya alikuwa Fundi Makame, mtu wa Bwejuu, mwembamba, mwenye haraka ya kuku, aliyebaki peke yake maabara wakati wataalamu wengi walipoondoka baada ya Mapinduzi. Msidhani alikuwa mpole. Alikuwa na kiburi, mdomo mchafu, na alificha kahawa yake kwenye chupa iliyoandikwa SUMU ili sisi wa skuli tusiiguse.

Wiki yangu ya kwanza nilijikata kidole. Nesi akanipaka ile dawa ya kahawia ya vidonda, nami nikaingia maabara nikijidai jeruhi. Siku ile kila mrija ulikuwa mweupe kabla sijabonyeza saa. Wagonjwa wote, hata mtoto wa miaka mitano, walionekana kuwa na ugonjwa wa kufa. Fundi alizunguka akinusa kama paka, mpaka akafika kwangu.

"Hebu kidole."

"Nimejikata, Fundi."

"Umejikata, umepaka aidini, kisha umeingia nyumba ya kupimia aidini." Akanitazama kwa huruma ya uongo. "We Riziki, ungepelekwa kupima chumvi ungeingia umetoka kuogelea?"

Alinitoa nje siku tatu. Kwa hivyo la kwanza: ile dawa ya kahawia isivuke kizingiti, wala katika kidole, wala katika chupa, wala katika nguo. Mkisahau yote mengine, kumbukeni hilo.

Sasa Dokta alikuwa na shauku moja. Karatasi yake ilitengenezwa kwa watu wa kwao. Akataka damu ya watu wazima wa hapa, wasioumwa chochote, aone nao wanaangukia wapi. Basi tukatiwa kwenye lendrova, mimi nimekumbatia sanduku la barafu tuliyoiomba kwa wauza samaki, tukaenda Malindi ya hapa mjini kwa wachukuzi wa bandarini, tukaenda Matemwe, tukaenda Bwejuu. Damu zilirudi mjini zinanuka changu.

Namba zilipotoka nilidhani nimeharibu tena. Mchukuzi wa Malindi anayebeba magunia mawili ya karafuu akitukana: nne na nusu. Bibi mmoja wa Matemwe ambaye kwa muda wote tuliokaa alisimama mara moja tu, kutufukuza: saba na robo tatu. Nikarudia. Vilevile.

"Sasa nani mgonjwa hapa?" nikauliza.

"Umewaona wewe mwenyewe," Fundi akasema. "Mgonjwa yupi?"

Hapakuwa na mgonjwa. Tukarudi tena baada ya mwezi kuwatoboa walewale. Bwejuu akatupokea mkewe Fundi, Bi Mize, aliyekuwa akikaa shamba na kumngoja mume mwisho wa wiki. Akakunja mkono kwapani.

"Mwezi ule mlichukua chupa nzima. Mmeipeleka wapi? Mmeinywa?"

"Toa mkono, mke wangu, usinitie aibu mbele ya Dokta."

"Aibu utaijua ukikosa chakula leo."

Akatoa mkono hata hivyo. Mara ya kwanza alikuwa nne na nusu, mara ya pili nne na nusu na chembe, na tulipokwenda tena, nne na nusu. Mchukuzi naye palepale pake. Bibi wa Matemwe palepale, na matusi yake palepale. Hucheza kidogo, leo hivi kesho vile, lakini kila mtu hurudi kwake. Watu walikuwa wametawanyika kutoka chini ya karatasi mpaka juu, lakini mmoja mmoja hakuna aliyehama.

Fundi alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Njia nzima ya kurudi alimsumbua Dokta. "Dokta, karatasi yako ni ua. Inakwambia mtu yumo uani. Haikwambii kama kakaa kwenye jamvi lake."

Dokta akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Ndani ya ua inatosha, Bwana Makame."

"Mke wangu nne na nusu, mimi saba na nusu, na chungu tunakula kimoja!"

"Wote wawili ni wazima. Vizuri sana."

Fundi akanigeukia, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu kasoma sana, maskini."

Hiyo saba na nusu ilikuwa fahari yake. Kwa kuwa hatukuletewa damu ya kusahihishia mitambo, Fundi alijifanya yeye mwenyewe mizani. Kila Jumamosi, wakati hakuna wagonjwa, hukunja mkono wa shati, namtoboa, kisha yeye huenda zake kupanga foleni ya mchele. Mimi hubaki kuichoma na kuisoma damu yake. Ikitoka saba na nusu, tanuri zima na dawa nzima, Jumatatu tunaweza kupima watu. Miaka aliyojipima, haikuwahi kumwendea kombo. Alikuwa akiingia maabara akisema, "Mizani imefika, ondokeni njiani."

Hapa ndipo nisingependa kuendelea, lakini nyie ndio mtakaopewa daftari lile.

Jumamosi mchana senema huwa na onyesho la wanawake peke yao. Mnalijua, msijitie utakatifu. Mama, shangazi, mabuibui ukumbi mzima, filamu ya Kihindi, kilio cha pamoja. Na tanuri halina huruma, masaa yake ni yaleyale. Nikikaa kuingoja damu ya Fundi hufika filamu imeshaua mama wa mchezaji mkuu, na mimi bila kifo cha mama sioni raha. Jumamosi moja ya kaskazi, joto la kuyeyusha akili, nikajiuliza: hivi damu hii itatoka ngapi? Nikajijibu: saba na nusu. Haijawahi kutoka nyengine. Nikaimwaga kwenye beseni, nikafungua maji, nikaandika kwa mwandiko mzuri: *Makame, 7½*. Nilifika senema mama bado yu hai.

Jumamosi iliyofuata nikafanya hivyohivyo. Na iliyofuata. Jumamosi tisa, wadogo zangu. Kila mara namtoboa, anasema "taratibu, huchomi mshikaki," anakwenda foleni, mimi namwaga.

Katika wiki hizo Fundi alianza kuja na sweta. Kaskazi! Sisi tunajipepea kwa mafaili, yeye amefunga vifungo mpaka kooni. Mimi, mwenye ulimi usiokaa ndani, nikambandika jina: Mzee Sweta. Skuli nzima ikalijua kabla ya yeye kulijua. Kisha mwendo ule wa kuku ukapungua. Akawa anaanza sentensi asubuhi anaimaliza adhuhuri. Sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, uso ukajaa, macho yakavimba chini. Mimi nikaifanya kuwa mchezo. Nilikuwa nikiwaigiza wanawake wa usafi namna anavyosema, "Ri... zi... ki... le... ta... m... rija," nao wakijishika mbavu. Siku moja nikaigiza mpaka mwisho, wao hawakucheka. Nikageuka. Alikuwa mlangoni.

Hakunitukana. Angenitukana ningelala. Akasema tu, polepole, "Umesahau kukohoa. Mimi nakohoa pale katikati." Akaenda kukaa.

Nilijua dalili hizo. Nilikuwa nimezinakili kwenye daftari langu la somo, kwa wino mwekundu, chini ya kichwa cha habari: tezi ikipungua. Lakini yeye alikuwa Fundi, na Fundi alikuwa saba na nusu, daftari limesema. Nilisahau kwamba daftari lilikuwa mimi.

Jumamosi ya kumi, mvua za masika zimeshaanza, Dokta akaja kukaa nami aone kazi inavyokwenda. Hapakuwa na senema siku hiyo. Nikaichoma damu ya Fundi kama nilivyofundishwa, nikatia maji ya manjano, nikabonyeza saa. Umanjano ukachelewa kuondoka. Nikasoma jedwali mara mbili: tano.

Dokta akachungulia, akatazama karatasi ukutani. "Tano. Nne mpaka nane. Bwana Makame mzima kabisa." Akaondoka ameridhika. Nami, kwa kuwa aliiona, nikaandika tano.

Jumatatu Fundi akafungua daftari. Akalisogeza karibu na macho.

"Nini hii?"

"Ndivyo ilivyotoka, Fundi."

"Wiki iliyopita saba na nusu. Wiki ile saba na nusu." Kidole chake kilikuwa kinashuka ukurasa, kinapita juu ya uongo wangu mmoja mmoja. "Mtu hashuki hivi kwa wiki moja. Hata ukimkata tezi yote, damu huchukua siku nyingi kupungua. Ingekuwa imeanza kushuka tangu mwezi ule ningeogopa. Hii umechanganya mirija." Akakunja mkono wa sweta. "Nitoboe. Rudia."

Nikamtoboa. Nikabaki na mrija mkononi. Nilijua, kama mnavyojua nyinyi sasa, kwamba tano itatoka tena. Itatoka tano, na yeye ataniuliza imefikaje huko bila kupita njiani. Nikaimwaga. Mchana nikamwambia, "Ulisema kweli, Fundi. Nilichanganya." Nikaikata ile tano kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake saba na nusu.

Akavuta pumzi. "Alhamdulillahi. Nilishaanza kuogopa, mwanangu."

Jumamosi baada ya hapo nikamtoboa tena na kumwaga tena, maana uongo ukishazoea saa yake huamka wenyewe. Wiki ile ile Fundi alisinzia na mirija mkononi, ikavunjika kumi na mbili, damu ya watu sakafuni. Bwana mkubwa wa hospitali hakuuliza kwa nini mtu aliyekuwa hatulii sasa analala amesimama. Akampa barua ya kupumzika. Fundi akachukua chupa yake iliyoandikwa SUMU, akapanda gari la shamba, akaenda Bwejuu. Akaniachia koti. Ndilo hilo lenye kiwiko kilichotiwa kiraka.

Sikwenda kumwona. Najua mngependa niseme nilikwenda kesho yake. Nilikwenda kipupwe kilipoingia, tena kwa sababu Dokta alikuwa na safari yake ya damu huko.

Bi Mize alikaa barazani. Safari hii hakukunja mkono. "Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Ingia. Sema kwa sauti, hasikii upesi."

Mchana wa jua, Fundi amefunikwa mablangeti mawili. Nyusi zilikuwa zimepukutika nusu. Alinitazama muda mrefu kabla jina langu halijamfikia.

"Riziki. Mizani... nani sasa?"

"Mimi, Fundi. Mimi nne na robo tatu."

"Ah. Mtoto wa chini chini."

Nikamwambia. Nimewahi kufanya hadithi ndefu kwa jambo la maneno mawili, lakini siku ile sikuweza kulirefusha. Nilimwambia kwamba ile tano ilikuwa ya kweli, na zilizoitangulia sikuzipima, na niliyoambiwa nirudie sikuirudia. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji, hakusogea.

Fundi aligeuza uso, akautazama ukuta. Sijui kama ni hasira au ni ule ugonjwa, na sitajua.

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja."

"Sindano kumi na moja," akasema, kila neno likija peke yake. "Umenichoma bure."

Kisha akatoa mkono nje ya blangeti. "Hii usiimwage."

Nilikumbatia sanduku lile kutoka Bwejuu mpaka mjini na sikumwachia mtu. Siku hiyo hiyo ilikuwa mapema bado, nikawasha tanuri, nikangoja masaa yake yote, Dokta ameketi pembeni. Nikatia maji ya manjano, nikabonyeza saa. Tukatazama. Mkono wa saa ukazunguka, ukazunguka tena, na mrija ukabaki manjano ya binzari, manjano vilevile kama nilivyoumimina. Dokta hakutazama karatasi ukutani. Alichukua kalamu akaandika kuagiza vidonge Dar es Salaam.

Vidonge hivyo vipo duniani, ni vidogo, na mtu akivipata mapema hurudi kuwa kuku. Vilifika kwa meli baada ya siku tisa. Nilivipokea mimi Malindi. Fundi alikuwa ameshazikwa siku mbili. Baridi ya kipupwe ilimlaza usingizi asubuhi moja na Bi Mize hakuweza kumwamsha. Nilimpelekea Bi Mize vidonge hata hivyo, sijui kwa nini. Akavipokea, akanipa lile koti la pili la maabara, ambalo Fundi alilichukua kwenda kulifua akasahau kulirudisha, akaniambia nikienda kwa wengine nipite kwake kwanza ninywe maji. Sikupita.

Basi, nyie. Mtakapofika, karatasi ya ukutani mtaikuta, nne mpaka nane. Ni ya kweli, msiitoe. Lakini mgonjwa akija, msimuulize karatasi peke yake. Muulizeni alikuwa ngapi alipokuwa mzima, na kama hajui, mtazameni mwendo wake, sikilizeni sauti yake, muulizeni mkewe. Mtu anaweza kuwa yumo ndani ya ua na bado amepotea kwake. Na kila damu mtakayoitoa kwa mtu, ipimeni. Hata kama mnajua jibu. Hasa kama mnajua jibu.

Na lile daftari. Walitaka kuanzisha jipya, nikawaomba waliache. Fungueni ukurasa wenye alama ya kahawa pembeni. Mtaona mstari mmoja umekatwa, tano, na juu yake na chini yake mwandiko mzuri wa msichana aliyekuwa na haraka ya kwenda senema: Makame saba na nusu, Makame saba na nusu, Makame saba na nusu. Humo ndani hajaumwa hata siku moja. Msinisahihishie.